Geuzeni Karatasi: Nasaba ya "Nocturne" ya Whistler

Asanteni. Kwanza naomba neno moja tuliache mlangoni: nakala. Kila nikizungumzia chapa za asidi, yaani picha zinazochapwa kwenye karatasi kutoka bamba la shaba lililochimbwa mistari kwa asidi, kuna anayenyanyua mkono: "Mwalimu, ziko 100, nasaba gani, yaani mlolongo gani wa wamiliki, ya kufuatilia hapo?" Nimelijibu mara nyingi. Leo nalijibu tena, kwa chapa moja tu: "Nocturne", picha ya usiku ya msanii Mmarekani James McNeill Whistler.

Kesi yake ya kashfa dhidi ya mhakiki wa sanaa John Ruskin, iliyomwachia gharama kubwa, mnaijua, siirudii. Mei 1879 alifilisika. Septemba akaenda Venice kwa agizo la Fine Art Society, wauza sanaa wa London: mabamba 12 ya shaba, pauni 150, miezi 3. Akakaa zaidi ya mwaka, akarudi na mabamba yapatayo 50. Desemba 1880 zikatundikwa London chapa 12, "Nocturne" ikiwemo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwenye bamba lile asidi imekula mistari michache tu: merikebu, majengo ya mbali, maji. Usiku haumo kwenye shaba. Usiku ni wino. Mchapaji wa kawaida hupaka wino, kisha hupangusa uso wa bamba mpaka ung'ae, wino ubaki ndani ya mistari. Whistler aliuacha utando wa wino juu, akauchezea kwa kitambaa na kiganja, hapa mzito, pale mwepesi, ndipo akapitisha bamba mashinini. Karatasi ikitoka, usiku ule umeondoka nayo. Inayofuata lazima aupake upya. Ndiyo maana ipo karatasi ambayo magharibi ndiyo kwanza imeingia, na ipo yenye giza la saa nane usiku, na zote zimetoka bamba moja. Ziko 100? Haya, ni ndugu 100 wa mama mmoja, kila mmoja na sura yake. Wala hawakuzaliwa siku moja, maana alichapa kidogo kidogo kwa miaka. Kwa hiyo ukiniambia "Nocturne ilionyeshwa London 1880", nitakuuliza: ipi?

Tena aliwakata kingo. Wakusanyaji wa siku zile walipenda karatasi yenye kingo pana. Yeye alikata mpaka kwenye alama ambayo bamba huiacha kwenye karatasi, akabakiza kiulimi kidogo chenye sahihi yake ya kipepeo na herufi "imp", Kilatini cha kusema ndiye aliyechapa kwa mkono wake. Mnaona kilichofuata? Kingo zikishaondoka, mmiliki hana pa kugonga muhuri mbele. Nasaba yote imehamia mgongoni: muhuri mdogo, namba ya penseli ya muuzaji. Mihuri ya wakusanyaji Frits Lugt aliikusanya katika kitabu kinene mwaka 1921, lakini usipoigeuza karatasi kitabu hicho hakikufai kitu. Niliwahi kuletewa chapa ya karne ile, fundi wa fremu ameigandisha kwenye kadibodi kwa gundi. Mbele safi kabisa. Nyuma, majina yote ya waliowahi kuimiliki yamezikwa. Nilikasirika, na mpaka leo sijapoa.

Mtasema makumbusho yana orodha. Yanazo, lakini zisomeni kwa akili. Charles Lang Freer wa Detroit, tajiri wa mabehewa ya reli, alianza mwaka 1887 kwa kununua seti ya pili ya chapa za Venice, iliyofuata zile 12 za kwanza. Alipofika mwisho alikuwa na hazina kubwa ya kazi za Whistler, akaikabidhi Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, kwa hati ya 1906, na jengo likafunguliwa Washington 1923. Sharti lake: vitu vyangu visiazimwe. Basi tangu jengo lifunguliwe, karatasi zake zilikaa chini ya paa moja kwa muda mrefu. Anayepima thamani kwa kuhesabu maonyesho atadhani hakuna aliyezitaka, kumbe ni mwenyewe aliyefunga mlango!

Nilitaka niseme pia juu ya Chuo Kikuu cha Glasgow, kilichopokea urithi wa msanii kutoka kwa shemeji yake, Rosalind Birnie Philip, na maonyesho yake ya 1883, yale ya ukumbi uliopambwa kwa nyeupe na njano. Bei nimeziacha kwa makusudi. Muda unanibana.

Hapa mezani nimeweka picha za karatasi 3 za "Nocturne". Njooni mmoja mmoja, mniambie kila moja ni saa ngapi ya usiku.