Kinanda Kilichooga

SALMA: Haya, karibuni tena. Leo tumepanga mambo matatu: kufungua kinanda cha mdomo chenye kitana cha mbao, yaani ule mwili wa katikati wenye vijia vya hewa, kukisawazisha kitana chenyewe, halafu kurekebisha ndimi, vile vipande vyembamba vya chuma vinavyotetemeka, zilizopotoka sauti. Lakini kwanza, kaka Rashidi, mdomo unaendeleaje?

RASHIDI: Umepona, alhamdulillahi. Jumanne usiku haukuwa mdomo huu.

SALMA: Wasimulie.

RASHIDI: Nilikuwa napiga kile kinanda changu cha zamani cha ufunguo wa C, mnakijua. Nikateleza kutoka tundu la pili kwenda la tano, nikahisi kama wembe umenipitia. Kuangalia, damu. Meno ya kitana yalikuwa yamechomoza nje ya mabamba, yale ya chuma yanayobeba ndimi, yana makali kabisa.

SALMA: Na sababu?

RASHIDI: Mbao ilifura kwa unyevu.

SALMA: Unyevu wa mate?

RASHIDI: Wa... wa maji. Nilikitia kwenye glasi ya maji.

SALMA: Umekiogesha! Rashidi, umekiogesha kinanda!

RASHIDI: Dada Salma, sikubuni mimi. Wapigaji wengi wa zamani walifanya hivyo. Hohner, ile kampuni ya Ujerumani, walianza kutengeneza kinanda chao cha Marine Band mwaka 1896, kitana cha mti wa peasi, mabamba yamepigiliwa kwa misumari midogo. Mbao ile ikikauka sana inasinyaa, hewa inapenya kati yake na bamba. Ukiiloweka inafura, inaziba mianya, sauti inatoka kubwa.

SALMA: Kwa usiku mmoja.

RASHIDI: Ndiyo, ila usiku huo ulikuwa mtamu! Nilivuta tundu la pili nikalipinda, yaani nikaishusha sauti yake kwa mdomo, likalia mpaka nikafumba macho.

SALMA: Na kesho yake kinakauka, kinasinyaa kuliko mwanzo, kinapasuka kwenye meno. Unakiogesha tena. Hao hao wapigaji wa zamani walikuwa wanakata ncha zilizochomoza kwa wembe, si unajua?

RASHIDI: Najua, na ndivyo nilivyotaka kufanya. Nikaona hapana, nikifungue kabisa, nimalize tatizo.

SALMA: Baada ya kukiacha kikauke siku ngapi?

RASHIDI: Nne.

SALMA: Afadhali. Mtu akisugua kitana kilichotoka kuoga, anasawazisha uvimbe. Kikikauka kinakuwa bonde.

RASHIDI: Utalisema hilo neno kuoga mpaka lini?

SALMA: Mpaka kipindi kiishe. Endelea, ulifunguaje?

RASHIDI: Vifuniko kwanza. Halafu kisu chembamba, kati ya bamba na kitana, upande wa nyuma. Sikukita. Niliingiza kidogo, nikasogea, nikaingiza tena, msumari mmoja mmoja ukiinuka. Nilichora umbo la bamba kwenye kadibodi, kila msumari nikauchomeka mahali pake, maana kila tundu limeuzoea msumari wake. Kosa langu lilikuwa kidole gumba.

SALMA: Ulikamata bamba la chini.

RASHIDI: Nililikamata kwa nguvu. Na ndimi za kuvuta ziko nje, kwenye bamba la chini. Zile kumi za kupuliza zimejificha ndani ya kitana, bamba la juu. Kidole kikaukandamiza ulimi wa tundu la nne, ukazama kwenye nafasi yake. Nikauinua kwa ncha ya kijiti mpaka uwazi wake kwenye ncha ukawa karibu sawa na unene wa ulimi wenyewe. Unalia. Lakini sauti imeshuka.

SALMA: Hiyo tutafika. Kitana.

RASHIDI: Kitana, jamani! Nilibandika msasa namba 220 juu ya kioo. Nikachora mistari ya penseli upande mzima wa kitana, nikakisugua taratibu, maana meno yale ni membamba. Nikageuza kutazama: mistari ya pembeni imefutika yote, ya katikati ipo kama nilivyoichora. Kinanda nilichopiga miaka yote hii kina bonde katikati! Nikasugua mpaka mstari wa mwisho ukapotea, nikamalizia na msasa namba 400. Ukikilaza juu ya kioo ukamulika tochi nyuma yake, hupati hata uzi wa mwanga.

SALMA: Hapo nakupa mkono. Na ukakipaka nini?

RASHIDI: Nta ya nyuki iliyoyeyushwa, mpaka ndani ya vijia vya hewa, kwa kijiti chenye pamba. Halafu nikafuta iliyozidi, maana chembe ya nta ikigusa ulimi inaunyamazisha.

SALMA: Kwa hiyo hakihitaji kuoga tena.

RASHIDI: Hakiogi tena. Na sauti yake sasa, wallahi, ile sauti ya mbao, nzito, ya joto. Kitana chako cha plastiki hakiwezi.

SALMA: Ngoja. Hapo sikubali.

RASHIDI: Nilijua.

SALMA: Kinanda hiki si gitaa. Gitaa lina ubao unaotetemeka na kuitoa sauti nje. Hapa ulimi wa shaba unakata mkondo wa hewa, hewa ndiyo inayolia. Kitana ni njia tu. Sauti yako imenenepa kwa sababu umeziba mianya. Ungesawazisha plastiki hivyo hivyo, ungepata hiyo hiyo.

RASHIDI: Nina C mbili, moja mbao, moja plastiki. Nasikia tofauti.

SALMA: Zina mabamba tofauti, vifuniko tofauti, uwazi wa ndimi tofauti. Chukua mabamba yale yale, badilisha kitana peke yake.

RASHIDI: Nilishafanya, mwaka jana, hapa hapa, ulikuwepo.

SALMA: Nikageuka nyuma, ukapiga, sikuweza kusema kipi ni kipi.

RASHIDI: Mimi nilijua!

SALMA: Ulijua kwa midomo na vidole. Hiyo ni hisia ya mshikaji.

RASHIDI: Na mshikaji ndiye anayepuliza. Mbao ikinigusa vile, napuliza tofauti, navuta taratibu zaidi. Basi sauti imebadilika.

SALMA: Umebadilika wewe. Mbao haijafanya kitu.

RASHIDI: Kama isingekuwepo nisingebadilika.

SALMA: Basi hata ukipaka plastiki rangi ya mbao utabadilika.

RASHIDI: Hapana. Hapana, dada. Hilo silikubali.

SALMA: Wala mimi lako.

RASHIDI: (kimya) Mbao ina sauti.

SALMA: Kuziba mianya kuna sauti.

RASHIDI: Tuna dakika ngapi?

SALMA: Mbili. Na hatujagusa ndimi. Wala skrubu, na watu wengi wameuliza kama wabadilishe misumari. Hohner wenyewe walifanya hivyo kwenye Marine Band Deluxe mwaka 2005, skrubu badala ya misumari, na kitana kimezibwa. Wewe umerudishia misumari?

RASHIDI: Misumari yangu ile ile, kila mmoja kwenye tundu lake.

SALMA: Haya, ndimi kwa ufupi sana: ukikwaruza chuma kidogo karibu na ncha, sauti inapanda. Ukikwaruza karibu na shina, inashuka. Weka kipande cha karatasi ngumu chini ya ulimi kwanza, na kwaruza kidogo, pima, kwaruza tena, kwa sababu chuma ukishakitoa hakirudi. Mengine wiki ijayo. Unacho hapo? Vuta tundu la nne.

RASHIDI: (anavuta)

SALMA: Imeshuka.

RASHIDI: Kidogo. Sikiliza la pili lakini. (anavuta, anapinda)

SALMA: ...Rudia.

RASHIDI: (anavuta tena, kwa muda mrefu)

SALMA: Mianya imezibwa vizuri.

RASHIDI: Mbao hiyo, dada.

SALMA: Wiki ijayo, ndimi. Na usikiogeshe.