Kishika uchumba cha dola milioni 300

Jamani sogeeni mbele, nyie wa nyuma hamtanisikia, feni hili linapiga kelele kuliko mimi. Nimeambiwa niongelee hatari za kisiasa kwa makampuni makubwa ya nje pale anapoingia madarakani kiongozi wa aina ile ya mimi na nyie wananchi dhidi ya hao wezi. Ningeweza kwenda Venezuela au Bolivia, ila ya nini kwenda mbali wakati darasa lenyewe lilifanyika hapa hapa bandarini Dar, 2017.

Makinikia. Semeni ukweli, kabla ya Machi ile nani alikuwa analijua hilo neno? Ni ule mchanga wenye dhahabu, shaba na fedha kutoka Bulyanhulu na Buzwagi, ulikuwa unapakiwa kwenye kontena unapelekwa nje kuyeyushwa maana sisi mtambo hatukuwa nao. Magufuli akapiga marufuku, kontena 277 zikakwama, na neno likaingia kwenye daladala, saluni, vijiweni kote. Mei kamati ya Profesa Mruma ikasoma ripoti yake laivu kwenye TV, kwamba mle ndani mna dhahabu tani 7.8 wakati wakala wa serikali alikuwa anahesabu tani 1.2, na waziri wa madini siku hiyo hiyo hana kazi. Acacia, kampuni yenye migodi hiyo, hisa zake zinauzwa London, ikakana. Juni ikaja kamati nyingine, ya Profesa Osoro, halafu Julai Acacia wakaletewa madai ya kodi: dola bilioni 190. Yani 40 kodi yenyewe, 150 riba na faini. Uchumi wa nchi nzima mwaka ule haukufika hata theluthi ya hiyo hela. Watu mtandaoni wakapiga hesabu kila Mtanzania apate Noah yake, mi nilishachagua mpaka rangi.

Sasa mtu wa soko la hisa London anaiangalia namba ile anasema hawa wamechanganyikiwa, twende mahakamani. Kihesabu yuko sawa kabisa. Ila kuna mtu humu ameshapeleka posa Kanda ya Ziwa? Eeh, kaka pale anacheka, anajua. Unatajiwa ng'ombe sitini, unatoka jasho, na hakuna mzee hata mmoja pale anayetegemea kuzipata zote sitini, wanataka waone kama utakaa mkekani uongee au utanuna uondoke.

Barrick, kampuni kubwa ya dhahabu ya Canada, wakakaa mkekani. Wao walikuwa na karibu 64% ya hisa za Acacia, na tarehe 14 Juni mwenyekiti wao John Thornton akapanda ndege mwenyewe mpaka Ikulu, akapigwa picha, akasema tutazungumza. Acacia wakabaki wanatoa matamko, yameandikwa vizuri kweli, takwimu zimejaa, na sidhani kama kuna bodaboda mmoja Kahama aliyesoma hata moja. Mazungumzo wakayaendesha Profesa Kabudi, waziri wa sheria, na Barrick, Acacia hawamo chumbani, yani harusi ni yako na wewe umeachwa nje kwenye gari. Oktoba ikatangazwa dola milioni 300 pamoja na kugawana manufaa nusu kwa nusu, na ile milioni 300 serikali yenyewe ikaiita kishika uchumba. Sijatunga mimi.

Mnaona? Wenye kampuni walikuwa wamesoma mkataba, hawakusoma nchi. Tangu sheria ya 1998 mrabaha wa dhahabu, yani fungu la mauzo linaloenda serikalini, ulikuwa 3%, baadaye 4%, miaka inaenda vitabu vinaonyesha hasara, mwananchi anaona malori na vumbi tu. Kuni zilishakauka zamani, aliyekuja na kiberiti hakuhangaika. Bunge likapitisha sheria haraka haraka: mrabaha 6%, ada ya ukaguzi 1%, serikali kupewa hisa zisizopungua 16% bure.

Ila msidhani nasifia. Mwaka uliofuata nilipita mji mmoja pembeni ya mgodi, kazi zimepunguzwa, gesti ziko tupu, mama mmoja aliyekuwa anakanda unga kilo kumi kila alfajiri nikamkuta ana chapati nane kwenye hotipoti na saa tano hazijaisha. Nikamuuliza kuhusu bilioni 190, akaniuliza na chai je, unaweka tangawizi?

Mwisho mnaujua. 2019 Barrick wakanunua hisa zote zilizobaki, jina la Acacia likafutika, Januari 2020 wakasaini na serikali, ikawepo Twiga, kampuni ya pamoja, Barrick 84% na serikali 16%.

Lakini kuna wadogo ambao hakuna anayewasimulia. Winshear wa Canada, Indiana wa Australia, hawa hawakuwa na mgodi unaochimba, walikuwa na leseni za kushikilia eneo tu, zikafutwa kwa kanuni za 2018. Hawakuwa na cha kugawana na mtu, mkekani wangekaa na nini? Wakaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa. 2023 Winshear wakakubaliana na serikali walipwe dola milioni 30, Indiana wakashinda kesi, fidia ya zaidi ya milioni 100, baadaye wakamalizana kwa 90. Na hizo, ndugu zangu, ni hela halisi, zimetoka hazina, hazikuitwa jina lolote la harusi wala hazikusomwa laivu.

Haya dada, mkono umeshachoka huo, uliza.