Hita ya Dizeli Haipendi Kubembelezwa

Asanteni ndugu zangu, na mlioko nyuma sogeeni, viti vipo. Najua wengi wenu hapa Uingereza sasa mnalala kwenye magari yenu ya kambi hata Desemba, na kila mwenye hita ananiuliza swali lile lile: mbona baada ya msimu mmoja tu inagoma kuwaka?

Jibu limo ndani ya hita yenyewe. Ule mlio wa tik-tik chini ya gari ni pampu, inapeleka dizeli tone kwa tone kwenye chumba cha kuchomea. Plagi ya kuwashia inaiva mpaka inakuwa nyekundu, mvuke wa dizeli unashika moto, kisha plagi inapumzika na moto unajiendesha wenyewe. Hewa mnayovuta inapita nje ya ganda la alumini, inapata joto, inarudi kwenu. Moshi una njia yake, unatokea chini ya gari.

Sasa mtu ana kigari kidogo, kafunga hita ya kilowati 5. Muda si muda ndani ni tanuri. Anaipunguza mpaka mwisho, analala, nayo inaunguruma chini chini hadi alfajiri. Hapo ndipo inapougulia. Moto mdogo hauchomi mafuta yakaisha. Masizi yanaganda kwenye kichujio cha waya kinachozunguka plagi, yanapanda kutani, yanaziba hadi bomba la moshi. Kwa gari kama hilo kilowati 2 zinatosha, hata muuzaji akikuapia kwamba kubwa ndiyo bora. Na ukishalala siku kadhaa kwa moto mdogo, fungua madirisha, ipandishe mpaka juu kabisa, iache nusu saa. Kiangazi nacho kisiipite kimya: mara moja kwa mwezi iwashe, pampu isije ikakwama.

Kabla hujailaumu hita, pima umeme. Plagi wakati wa kuwasha inaweza kuvuta hadi ampea 10, na waya mwembamba mrefu unazila volti njiani. Weka mita kwenye soketi ya hita, wakati ule ule inapojaribu kuwaka. Kipimo cha betri iliyotulia hakikuambii kitu. Na kuzima ni kwa swichi yake, si kwa kuchomoa fyuzi, kwa sababu feni lazima iendelee dakika chache kupooza ganda.

Bomba la moshi lisiishie chini ya mlango wala dirisha, na theluji ikianguka usiku, toka ulikague. Kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, haina harufu. Nunua kengele ya kuitambua leo, kabla ya mapazia na mito. Ukiingia kituo cha mafuta, hita iwe imeshazimwa.

Ndiyo, mama, nimekusikia: moshi mweupe mzito. Hiyo ni dizeli iliyoingia ikakosa moto. Watu wanabonyeza tena na tena, kila jaribio linaongeza mafuta mle ndani, na siku ikishika inatoa wingu mpaka jirani anakuja kugonga dirisha. Ikishindwa mara mbili, acha, kapime volti kwanza. Volti zikiwa sawa, fungua plagi uitazame, na kile kichujio ukikikuta cheusi, usihangaike kukisugua. Weka kipya, bei yake ni ndogo.