Kwaresima ya Vumbi, Pasaka ya Mvua

Bwana asifiwe, wapendwa. Karibuni, na walio nyuma wasogee mbele, viti vipo.

Tumo ndani ya Kwaresima, na vumbi mlilopangusa viatuni pale mlangoni bado ni lile la Januari. Masika hayajafika. Mimi nasema vumbi hilo ni sehemu ya Kwaresima yetu sisi wa Nairobi, na jioni hii nitaeleza kwa nini.

Mwaka wa Kanisa tuliupokea kutoka nchi zenye theluji. Desemba tunapeana kadi za Krismasi zenye miti iliyoganda, na huku Marikiti maembe yamejaa mikokoteni. Tunafundishwa kwamba Pasaka ni nchi kuamka baada ya baridi kali, ilhali baridi yetu ni ya Julai, miezi kadhaa baada ya Pasaka. Sina ugomvi na wakristo wa kaskazini. Walimsifu Mungu kwa walichokiona dirishani mwao. Kinachoniuma ni kwamba sisi tumeimba ya dirisha lao hadi tukadhani kwetu Mungu ameandika kidogo, kwa kuwa tuko karibu na ikweta na mchana wa Juni haupitani sana na wa Desemba.

Lakini fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 11. Musa anawaambia watu kwamba nchi wanayoiendea si kama Misri, ambako mtu alimwagilia shamba lake mwenyewe. Hii ni nchi ya vilima na mabonde, inayokunywa mvua ya mbinguni. Kisha inakuja ahadi: "mvua ya masika, na mvua ya vuli." Mtu wa Kiambu au wa Machakos haelezwi maneno hayo. Anayajua tangu utotoni. Pasaka ya Wayahudi iliangukia wakati wa kuanza kuvuna shayiri, na Pentekoste ilikuwa sikukuu ya malimbuko ya ngano. Biblia ni kitabu cha watu waliokuwa wakitazama mawingu. Kwa jambo hili tuko karibu nao kuliko mtu wa London.

Wengi wenu mna jamaa Ukambani. Huko wakulima wengi hupanda kwenye ardhi kavu, kabla tone la kwanza halijaanguka, ili mvua ikija ikute mbegu iko tayari. Ukiwahi kushika mahindi ya mbegu mkononi huku nyumbani unga umepungua, unajua maana yake. Mbegu ile ingeweza kuwa chakula cha leo usiku. Mama anaifukia vumbini. Mvua ikichelewa, mchwa wataila, au kwale wataifukua. Ikinyesha kidogo kisha ikakatika, itachipua na kukauka. Anajua yote hayo, na bado anapanda. Zaburi ya 126 inasema, "Wapandao kwa machozi watavuna kwa kelele za furaha," na miaka mingi nilidhani machozi yale ni ya uchovu. Siku hizi nadhani ni ya mtu anayefukia chakula cha wanawe.

Sasa msikilizeni Bwana katika Yohana 12, siku chache kabla ya msalaba: "Chembe ya ngano isipoanguka katika nchi, ikafa, hukaa hali iyo hiyo peke yake, bali ikifa, hutoa mazao mengi." Alikuwa anasema habari zake mwenyewe. Mungu Baba amepanda katika ardhi kavu. Kwa hiyo kufunga kwetu siku hizi arobaini, tunaponyima tumbo ili jirani ale, ni kupanda kabla ya mvua. Mtu asiyewahi kuingoja mvua anaweza kufunga, lakini sidhani anaonja Kwaresima yote.

Tarehe ya Pasaka yenyewe hufuata anga. Ni Jumapili baada ya mwezi mpevu wa kwanza unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, kwa hiyo huwa kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Hapa kwetu hiyo ndiyo miezi masika yanapoingia. Mvua ya kwanza ikinyesha usiku, kumbikumbi hutoka ardhini na kuzizunguka taa za barabarani, na ardhi iliyokuwa kama kaburi inatoa viumbe wenye mabawa. Watoto wenu wakiwakimbilia kumbikumbi hao, wasimulieni Pasaka hapo hapo.

Hata mbayuwayu wamo. Hutufikia kuanzia Septemba, na kufikia Aprili wengi wamekwisha kurudi kaskazini. Yeremia, sura ya 8, aliwataja mbayuwayu na korongo kwamba wanajua majira yao, ila watu wa Mungu hawaijui hukumu yake. Ndege wahamao kati ya Ulaya na Afrika hupita juu ya nchi ile ya nabii, na korongo weupe wanaotua kwenye nyasi zetu wakati wa vuli ni wa jamii aliyoitazama yeye.

Hapa lazima niseme jambo gumu. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana sehemu kubwa za kaskazini na mashariki mwa nchi yetu. Watu waliimba Aleluya kati ya mizoga ya ng'ombe. Kwa hiyo mvua ni shahidi wa ufufuo, wala haiwezi kuwa msingi wake. Kristo amefufuka hata masika yasipokuja. Anayejenga imani juu ya uzuri wa maua ya mjakaranda ya Oktoba peke yake, ataipoteza kwenye kiangazi kirefu.

Na mvua yenyewe huua. Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa 31 Machi. Kabla Aprili haijaisha, mto Mathare ulifurika usiku na kubeba nyumba pamoja na watu waliolala ndani, na katika nchi nzima msimu ule waliofariki walizidi 200. Bwana alisema Baba huwanyeshea wenye haki na wasio haki. Kweli. Lakini mabati ya mtaa wa mabanda wa Mukuru yalichukuliwa, na mitaa ya mlimani ikaamka salama. Mvua ilikuwa ya wote. Ukingo wa mto, ambako maskini amesukumwa akajenge, tuliupanga sisi wanadamu. Mkristo anayeisifu mvua na kunyamaza juu ya ukingo huo ameusoma uumbaji nusu.

Kanisa la kale lina urithi unaotufaa hapa. Katika karne ya 5, mji wa Vienne, katika Ufaransa ya leo, ulikumbwa na matetemeko na misiba, na askofu wake Mamertus akawatoa watu nje kwa maandamano ya sala na kufunga. Ndipo zikatokea siku tatu za maombi kabla ya Kupaa kwa Bwana, ambazo baadaye zikawa za kuombea mashamba. Mwaka ule wa 2024 zilikuwa 6 hadi 8 Mei, wakati familia za Mathare zikiwa bado zinalala madarasani na makanisani. Nani kati yetu alizikumbuka?

Naomba mwaka huu tuziadhimishe. Siku ya kwanza tubariki mbegu hapa kanisani, kila mtu alete kiasi, na zinazozidi ziende kwa wakulima walioishiwa. Siku ya pili twende tukasali kwenye chemchemi, kule kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, ambako mto Nairobi unaanzia ukiwa bado safi. Siku ya tatu tusimame ukingoni Mathare pamoja na waliozika watu wao, tuwaulize wanataka tuombe nini, na tuwaulize pia wanataka tufanye nini kabla ya mvua nyingine. Viongozi wa jumuiya, kabla ya kutoka leo niambieni nani atashika siku ipi. Sasa tuna muda wa maswali. Naona mkono wa mama pale dirishani, karibu.