Chupa ya Pauillac: umri wake, joto lake na chakula chake

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo nitakaa zaidi Bordeaux, eneo la mvinyo kusini-magharibi mwa Ufaransa, hasa mji wake wa Pauillac, kwa kuwa hapo ndipo umri wa mvinyo una maana kweli.

Wengi huamini mvinyo wowote ukiwekwa unazidi kunoga. Si hivyo. Beaujolais nouveau, mvinyo mwekundu mwepesi wa Ufaransa unaoingia sokoni Alhamisi ya tatu ya Novemba, hutengenezwa unywewe mapema. Ukiuweka miaka mitano umeuharibu. Pauillac ni habari nyingine. Zabibu yake kuu, Cabernet Sauvignon, ina punje ndogo na ganda nene, na ganda hilo pamoja na kokwa ndivyo vinavyotoa tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi. Miaka ikipita, tanini hushikana zenyewe kwa zenyewe na pia na rangi, kisha sehemu yake hutuama chini ikawa mashapo. Ndipo chupa nzuri ya miaka 20 inapokuwa laini, wekundu umegeukia rangi ya tofali, na harufu ya matunda imepisha ya tumbaku na mwerezi. Sharti itunzwe gizani, kwenye nyuzi 12 au 13, imelazwa ili kizibo kisikauke.

Kabla ya kuifungua, isimamishe siku nzima. Mimina taratibu kwenye jagi la kioo, mshumaa ukiwaka nyuma ya shingo ya chupa. Ukiona uzi mweusi wa mashapo unakaribia shingo, acha papo hapo. Kisha nyweni, msisubiri, maana harufu za mvinyo mkongwe hupotea upesi. Mvinyo ambao bado ni mchanga kwa umri ndio unaofaidika na hewa ya saa mbili.

Na joto, jamani! Nyuzi 16 hadi 18. Hilo "joto la chumba" tunaloambiwa lilikuwa la nyumba za Ulaya zenye baridi. Chumba cha Dar es Salaam chenye nyuzi 30 hufanya mvinyo unuke pombe tupu. Utie kwenye friji saa moja hivi, wala usione haya.

Chakula chake ni mwanakondoo wa kuoka, na Pauillac wenyewe wanafuga wa kwao wenye sifa. Protini ya nyama huishika tanini, ukakasi ukapungua. Samaki wa mafuta huleta ladha ya chuma, na pilipili huzidisha ukali wa pombe. Kwa chupa kongwe, punguzeni viungo. Jibini nayo iwe ngumu, kama Comté ya Ufaransa; zile laini zenye harufu kali huufunika mvinyo kabisa.