Giza Moja na Wavuvi wa Dagaa

Mhadhara uliotolewa jijini Mwanza, mwezi wa Sita

Wakubwa, shikamooni. Vijana, hamjambo? Wa nyuma mnanisikia? Haya.

Nianze na jirani yangu. Ni mvuvi wa dagaa pale Kayenze, ana mitumbwi miwili, na karabai ameziweka stoo, siku hizi anatumia taa za sola. Nilipojenga kibanda changu cha darubini alikaa miezi akinitazama tu. Siku moja akaniambia, "Mwalimu, mimi na wewe tunakwenda giza moja." Alikuwa ameona jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimeliona. Usiku ninaofungua paa ndio usiku anaoingia ziwani, na mwezi ukiwa mpevu sote tunalala. Dagaa hafuati taa kama ziwa zima linang'aa. Galaksi nayo haionekani anga likijaa mbalamwezi. Yeye hulitaja giza kama mkulima anavyotaja msimu: "tupo giza", "giza limeisha". Tangu hapo nikiona jioni mitumbwi imebaki mchangani, najua usiku sina kazi.

Galaksi ni nini, sitakaa sana hapo. Ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, na jua letu ni moja tu ndani ya galaksi yetu. Hadi mwaka 1923, Edwin Hubble alipoipata ndani ya Andromeda, galaksi kubwa jirani yetu, nyota ya kupimia umbali, wanasayansi walikuwa bado wanabishana kama kuna galaksi nyingine nje ya hii yetu. Umbali wenyewe tunauhesabu kwa miaka-nuru, yaani safari ya mwaka mzima ya nuru inayokwenda kilomita 300,000 kila sekunde.

Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, liko miaka-nuru 160,000. Sasa sikilizeni. Nuru hiyo ikiwa njiani, ziwa hili hapa nje lilikauka. Tope lililochimbwa chini yake linaonyesha hivyo. Likaja kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Samaki wakarudi, watu wakaja, Mwanza ikajengwa juu ya mawe yake, na nuru bado inakuja tu. Mimi nimeipokea juzi kwenye kamera niliyoinunua mtumba.

Wengi huniuliza kwa nini nihangaike hapa wakati wenye vifaa wako Ulaya. Jibu ni mahali tulipo. Mwanza iko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo karibu anga lote linapita juu yetu. Mtu wa London hayaoni Mawingu ya Magellan, lile Kubwa na mwenzake Dogo, maisha yake yote asipopanda ndege. Mimi nikikaa kwenye kigoda kilekile naipata Andromeda upande wa kaskazini, juu ya ziwa, na Mawingu ya Magellan upande wa kusini. Kusini kwangu ndiko liliko jiji hili lenu, na taa zenu zinaniumiza, lakini hayo tuyaache.

Halafu mahali hapohapo panatudai. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa. Ukiacha kamera wazi dakika mbili bila kufuata, nyota zinakuwa michirizi kama mvua. Ndiyo maana darubini inakaa juu ya mashine yenye mota inayoizungusha kinyume na dunia, na mhimili wa mashine hiyo lazima uelekee ncha ya anga, yaani pale ambapo nyota zote zinaonekana kupazunguka. Wenzetu wa kaskazini wana Nyota ya Kaskazini karibu kabisa na ncha yao, wanachungulia, wanakaza skrubu, wamemaliza. Kwetu nyota hiyo haichomozi kabisa. Ncha ya kusini tunayo, ila iko nyuzi mbili na kitu juu ya ardhi, nyuma ya migomba na moshi wa jikoni, na nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu hata anga likiwa safi.

Mashine yangu ilikuja na kipimo cha kuinamisha mhimili kinachoishia nyuzi 15. Chini ya hapo haiinami. Nikaibeba hadi kwa fundi wa kuchomelea. Akaigeuza geuza, akauliza, "Hii imeharibika au ndivyo ilivyo?" Nikamwambia ndivyo ilivyo, ila waliyemtengenezea haishi huku. Akanikatia kabari ya chuma ya nyuzi 15. Sasa nikiweka kipimo kwenye 17 na kitu, mhimili unalala pale ninapotaka. Kumbe bado. Mhimili ukilala hivyo, uzito wa kusawazisha unagonga mguu wa tripodi! Nikaitupa tripodi, nikamwaga nguzo ya zege, nyembamba, isiyogusana na sakafu ya kibanda, ili nikitembea darubini isitikisike. Paa ni mabati juu ya fremu, linateleza kwa magurudumu manne ya geti. Ukilisukuma linalia kama geti la kweli. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kuulizia sauti hiyo, nikamwonyesha kila kitu, akasikiliza kwa makini, mwisho akasema, "Sasa hii inalipa?" (Kicheko.)

Kuuelekeza mhimili naitegemea nyota yoyote iliyo karibu na utosi, yaani juu kabisa ya kichwa. Naiweka katikati ya skrini, naiacha dakika tano. Ikiteleza kuelekea kaskazini au kusini, mhimili umepinda kwenda mashariki au magharibi, nakaza skrubu, narudia. Kisha nachukua nyota iliyo chini upande wa mashariki, hiyo inasahihisha kimo cha mhimili. Usiku wa kwanza ilinichukua saa nne. Siku hizi dakika arobaini.

Tuje kwenye picha. Hii hapa ni M104, galaksi ya Sombrero. Jina hilo ni kofia ya Meksiko yenye ukingo mpana, nyumbani tunaiita Kofia ya Pama, na huo mstari mweusi kwenye ukingo ni vumbi. Iko miaka-nuru milioni 30 hivi. Hii ya kushoto ni picha moja ya dakika mbili: doa la kijivu na chenga tupu, kama televisheni ya zamani iliyokosa antena. Hii ya kulia ni picha 180 za namna hiyohiyo, saa sita jumla, nimezilundika kwa programu ya bure iitwayo Siril. Chenga za picha moja hazifanani na za nyingine, ila galaksi iko palepale, kwa hiyo ukichukua wastani chenga zinamezana. Picha 4 zinapunguza chenga kwa nusu, picha 100 zinazipunguza mara 10. Ukitaka mara 20 uwe na 400. Hapo ndipo penye machungu, maana kila hatua inadai usiku mwingi kuliko iliyotangulia.

Na usiku wenyewe si wote wako. Galaksi nyingi nzuri, hii ya Pama, M83, zile za kundi la Virgo, zinakuwa juu usiku wa manane mwezi wa Tatu hadi wa Tano. Yaani masika! Mimi huziwahi alfajiri mwezi wa Kwanza, au nazikamata mkiani mwezi huu wa Sita, Pama ikiwa karibu na utosi saa mbili usiku. Hata kiangazi ziwa lina yake. Usiku maji yanabaki na joto kuliko nchi kavu, upepo unatoka ardhini kila upande unakutana ziwani, hewa inapanda, radi zinapiga huko mbali. Unapiga picha huku kaskazini kunamweka.

Wadudu wa ziwani, wale wanaopanda kama moshi, ni kisa kingine. Mmoja aliingia nikiwa nabadilisha kamera, akafia kwenye kioo kilicho mbele ya sensa ya kamera, ile sehemu inayopokea nuru. Nikapiga usiku mbili nzima. Kila picha ikawa na kivuli chenye miguu katikati ya galaksi. Tangu siku hiyo kila jioni, kabla giza halijaingia, nafunika mdomo wa darubini kwa fulana nyeupe na kupiga picha ishirini za weupe mtupu. Mdudu, vumbi, alama ya kidole, vyote vinajitokeza hapo, na programu inavitoa.

Kijana pale ameuliza kama simu inatosha kuanzia. Inatosha. Iegemeze kwenye jiwe, mawe Mwanza si tatizo, weka sekunde 20 au 30, ielekeze mahali penye giza, uone itakachorudi nacho.

Kesho mwezi unachomoza saa tano usiku. Jirani yangu ameshaanza kuosha taa zake. Mimi nafungua paa saa mbili, anayetaka kuja aje na koti, mbu ni wengi, na tochi ifungwe kitambaa chekundu.