Rami Dume au Jike? Anza na Tumbo, Pezi Baadaye

Habari zenu watu wangu, karibuni tena hapa kwa tangi. Leo tunaangalia rami, yule samaki mdogo wa rangi wa tangini, vile unajua huyu ni dume na huyu ni jike, kwa sababu kila wiki natumiwa picha za samaki ametokea kama kivuli tu na mtu anataka nimwambie haraka anunue ama aache. Kwa picha kama hiyo ni kubahatisha, na mimi sitaki ubahatishe na pesa yako, so twende polepole, nitawaonyesha kwa hawa wawili wangu.

Kwanza tuelewane tunaongea juu ya nani. Hawa ni Mikrogeophagus ramirezi, madukani hapa Nairobi utasikia bluu rami ama rami wa Ujerumani, lakini asili yao si Ujerumani, ni upande wa mto Orinoco kule Venezuela na Kolombia. Jina ramirezi lilitoka kwa Manuel Ramirez, mmoja wa wale waliowakusanya mwanzoni, na kisayansi wameandikwa tangu 1948. Kuna ndugu yao wa Bolivia, mkubwa kidogo, hana rangi ya bluu kali, huyo mambo yake ni tofauti kabisa, jike wake hatoi tumbo la pinki, kwa hivyo ukiwa na huyo hii video haitakusaidia sana.

Sasa kabla hujaangalia chochote, mtulize samaki. Hii hatua watu wanairuka na ndo inawakosesha. Rami akiogopa ama akisikia baridi anapauka, rangi yote inaingia ndani, doa linafifia, mapezi anayafunga, hapo hata mimi sitakwambia kitu. Na hapa kwetu mnajua Julai vile huwa, maji ya tangi bila hita usiku yanashuka mpaka unayasikia kwa mkono, na hawa wanataka nyuzi 27 mpaka 30. Kwa hivyo hita iwe inafanya kazi, walishe kidogo, halafu kaa chini mbele ya tangi dakika kumi bila kusogeasogea. Ukiwa kwa duka fanya hivyo hivyo, mwambie muuzaji unaangalia tu, usikubali anyanyue neti haraka.

Haya, hatua ya kwanza, tumbo. Cheki huyu wa kushoto, nasogeza kamera... hapo. Unaona hii sehemu ya chini, kuanzia nyuma ya mapezi ya tumboni kuenda mpaka karibu na tundu la kutolea uchafu? Ni pinki, karibu rangi ya tikiti maji lililoiva, na imejaa, imevimba kidogo. Huyo ni jike. Akikaribia kutaga inakolea zaidi mpaka inakaa kama amepakwa. Sasa huyu wa kulia, tumbo lake ni njano huku mbele, halafu inaingia bluu, hakuna hiyo pinki. Dume. Mimi hii ndo alama naanza nayo siku zote, tena kwa samaki mkubwa aliyetulia mara nyingi inatosha kukupa jibu la karibu. Shida ni jike mchanga, ama jike ambaye ametoka safari ndefu, anaweza kuwa hana pinki yoyote, kwa hivyo usiseme hana pinki basi ni dume, bado.

Ya pili ni doa. Rami ana doa jeusi ubavuni, katikati, chini ya pezi la mgongoni. Chukua tochi ya simu, lakini usimulike moja kwa moja utamshtua na kioo kitakurudishia mwanga machoni, iweke pembeni juu, imulike kwa mshazari. Ona jike sasa. Ndani ya lile doa kuna vimeta vya bluu, vidogo vidogo, hapa kuna kimoja, viwili, huyu ako na kama sita, vinang'aa akigeuka na akinyooka vinapotea. Halafu mwangalie dume, vimeta vimejaa mwili mzima lakini vikifika kwa doa vinazunguka ukingoni, katikati panabaki peusi tii. Nilipoliona hili mara ya kwanza nilikaa hapo mbele ya kioo usiku kucha karibu, nawaangalia mmoja mmoja, kwa sababu ni kitu kizuri kweli na kilikuwa hapo siku zote sikukiona.

Lakini sikieni, wale wanaofugwa kwa wingi wamechanganywa sana, unaweza pata dume ako na kimeta kimoja ama viwili ndani ya doa. Kwa hivyo doa lisimame pamoja na tumbo, lisisimame peke yake.

Sasa pezi. Najua wengi mlikuwa mnangoja hili, kwa sababu ndo kitu muuzaji huonyesha, anakwambia angalia pezi refu, huyo ni dume. Ni kweli dume aliyekomaa, ile miiba ya mbele ya pezi la mgongoni, hasa wa pili, inarefuka inasimama kama unyoya, na ncha za pezi la mgongoni na lile la chini nyuma zinachongoka zinafika karibu na mkia. Kwa jike ni fupi, zimeviringika. Lakini pezi linang'atwa! Madume wakikaa pamoja kwa tangi la duka wanapigana, na cha kwanza kung'atwa ni hapo. Na dume mdogo bado hajaurefusha, halafu kuna majike wengine wanatoa mwiba mrefu kiasi. Ukubwa nao ni hivyo hivyo, dume kwa kawaida anazidi, anafika sentimita 5 na kidogo, jike anabaki nyuma yake, lakini jike wa miezi kumi atakuwa mkubwa kuliko dume wa miezi mitano, si ndio? Wakiwa chini ya sentimita 3 mimi hata sijaribu.

Niwaambie kilichonipata. Rami wangu wa kwanza niliuziwa wawili, nikaambiwa ni pea, mmoja alikuwa na pezi refu kuliko mwingine na mimi nikaamini. Baada ya wiki chache wakasafisha jiwe, wakataga, nilifurahi sana nikaita hadi majirani waone. Siku ya pili mayai yote meupe. Nikasema ni maji, nikabadilisha, wakataga tena, meupe tena, mara ya tatu vilevile. Mayai kuwa meupe mara moja inaweza kuwa wazazi bado wachanga, ama maji magumu, yaani yenye madini mengi, kama wewe unatumia ya borehole hilo lifikirie sana. Lakini mara tatu? Ndo nikainama nikaangalia vizuri, wote wawili matumbo ya pinki. Nilikuwa na majike wawili wanashirikiana kutaga, na miezi yote hiyo walikuwa wanalinda mayai ambayo hayangetoka kitu. Iliniuma, si kwa ajili ya pesa, ni vile walikuwa wanayapepea kwa mapezi bila kuchoka.

Kwa hivyo hatua ya mwisho, ile haina ubishi, ni mrija, kile kijibomba kidogo kinachotokeza chini ya samaki wakati wa kutaga. Wakianza kung'ang'ania jiwe moja bapa, wanalidonadona walisafishe, angalia chini hapo mbele ya lile pezi la chini nyuma. Jike anatoa kimrija kinene, butu. Cha dume ni chembamba, kimechongoka, kinaelekea nyuma. Kinaonekana siku hizo chache tu, kwa hivyo ukiwaona wamekazana na jiwe toa simu, rekodi kutoka upande, halafu irudie polepole ukiwa umetulia.

Kuna swali moja limekuja mara nyingi, rami wa dhahabu na wale bluu mwili mzima, hawana doa, utafanyaje? Kwa dhahabu tumbo la pinki bado linaonekana vizuri ukimulika. Kwa bluu mwili mzima ni ngumu, pinki inafunikwa na bluu, hapo angalia umbo la mapezi ila ngoja mrija kabla hujasema una pea.

Na kama umefanya haya yote kwa duka na bado huna uhakika, usinunue wawili. Ukiwa na tangi la lita 100 hivi nunua wadogo watano ama sita, weka mawe bapa mawili matatu mbali mbali na majani ya kujificha, walee. Wenyewe watachaguana. Utaona wawili wameshika kona yao wanafukuza wengine, hao ndo pea yako, uwamulike tumbo uhakikishe mmoja ni pinki na mwingine si pinki, halafu hao wengine watafutie tangi lingine mapema kabla hawajapigwa.